Sura ya Sita: Deni ni la Mwenye Mbwa, si la Mbwa

Mwaka 1872 nchini Uingereza, mtu aitwaye Swaffield alimsafirisha farasi wake kwa treni ya kampuni ya Great Northern hadi stesheni ya Sandy. Farasi akafika salama, lakini hakuna aliyekuja kumpokea. Stesheni haikuwa na zizi, kwa hiyo mkuu wa stesheni akampeleka kwenye banda la jirani lililotunza farasi kwa malipo. Mwenyewe alipojitokeza akaambiwa alipie gharama ya banda. Kiasi kilikuwa kidogo sana wakati huo, lakini Swaffield akakataa, akaenda zake na kumwacha farasi palepale. Miezi ikapita, farasi anakula na bili inapanda. Mwishowe kampuni ya reli ikalipa pauni 17 za banda, ikamfikishia farasi wake, kisha ikamshtaki ili irudishiwe fedha hizo.

Utetezi wa Swaffield tunausikia hadi leo: mimi sikuwaagiza mumlaze farasi wangu huko, basi mnanidai nini? Mwaka 1874 mahakama ikaamua alipe. Majaji walisema kampuni ilikuwa na njia mbili tu: kumwacha mnyama asimame stesheni bila chakula, au kumtunza kama mtu yeyote mwenye busara angefanya. Aliyeshika njia ya pili hawezi kuachiwa gharama zake.

Kesi hiyo haiko mbali nasi kama inavyoonekana. Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura ya 8, inaziagiza mahakama zifuate misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza, pale ambapo hakuna sheria iliyotungwa nchini na kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Tarehe ya mpaka iliyowekwa humo ni 12 Agosti 1897. Kwa hiyo hoja iliyoisaidia kampuni ya reli katika kesi ya Sandy inaweza kutumiwa na kijana wa Kitengela aliyeachiwa paka watatu, au mama wa Ruaka aliyekaa na mbwa wa watu wiki tatu akalipwa ya wiki moja.

Kazi hii imekua katika miji yetu. Watu wanasafiri, vyumba vya kupanga havina jirani wa kumwachia mnyama, na wanaofuga mbwa na paka ndani ya nyumba wameongezeka. Pamoja na kazi, umekuja ugomvi wa malipo. Sura hii inasimama juu ya jambo moja: mlezi wa mnyama ana haki kamili ya kulipwa, na deni hilo linamfuata mwenye mnyama. Halimfuati mnyama. Ukilishika hilo utajua ni mlango gani wa kubisha, na ni mlango gani ukiubisha utajikuta wewe ndiye mshtakiwa.

Mkataba upo hata bila karatasi

Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu hawakuandikiana. Hiyo si sababu. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inataka maandishi katika mambo machache, kama vile mikataba ya ardhi na ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine. Kutunza mbwa hakumo. Makubaliano ya mdomo, au ya ujumbe wa simu, ni mkataba unaotosha kabisa, mradi yaonekane mambo matatu: mmoja aliomba kazi ifanyike, mwingine alikubali, na palikuwa na malipo.

Tuchukue mfano. Mlezi wa Ruaka anapokea mbwa aitwaye Simba kwa siku 14, kwa shilingi 1,200 kwa siku. Mwenye mbwa anatuma 8,000 za kuanzia. Siku ya 13 anaandika: “Dada, nimekwama Mombasa. Kaa naye tu mpaka nirudi, nitakutumia.” Mlezi anajibu: “Sawa dada, anaendelea vizuri. Chakula chake kinaisha, ninunue?” Jibu: “Nunua, tutahesabu.” Chakula kinagharimu 2,600. Siku ya 17 Simba anatapika na kuharisha. Mlezi anapiga simu, haipokelewi. Anampeleka kwa daktari wa mifugo, analipa 3,500 na kuchukua risiti. Siku ya 21 mwenye mbwa anarudi, anamchukua Simba, anaahidi kutuma usiku. Usiku huo hakitumwi kitu, wala wiki inayofuata. Baadaye anaandika: “Mimi nilikubali siku 14. Hizo zingine ni zako.”

Hesabu ni hii. Siku 14 za mwanzo ni 16,800. Siku 7 za nyongeza ni 8,400. Ukijumlisha chakula na daktari, unapata 31,300. Ukitoa 8,000 zilizolipwa, zinabaki 23,300.

Ndani ya jumla hiyo mna madai ya aina tatu, na kila moja lina mguu wake wa kusimamia. Siku 14 zinasimama juu ya mkataba wa mwanzo. Siku 7 zinasimama juu ya ujumbe wa “kaa naye tu”: aliomba kazi iendelee, ikaendelea, na hakuna aliyetaja bei mpya, kwa hiyo bei ya zamani ndiyo kipimo. Hata kama ujumbe huo usingekuwepo, sheria inamruhusu aliyefanya kazi kwa ombi la mwingine kudai malipo yanayolingana na thamani ya kazi hiyo. Chakula kiliidhinishwa kwa maneno yake mwenyewe. Gharama ya daktari ndiyo inayotuelekeza Sandy: mnyama alikuwa na shida ya haraka, mwenyewe alitafutwa hakupatikana, na kilichofanyika kilikuwa cha lazima na cha kiasi. Masharti hayo yote yanahitajika. Anayempeleka mbwa wa mtu kunyolewa na kupakwa manukato bila kuulizwa hawezi kuyatumia.

Kuna wasomaji ambao kazi yao si ya namna hii. Ikiwa unakwenda nyumbani kwa mtu kila siku, unafuata saa na amri zake, na unalipwa kwa mwezi, huenda wewe ni mwajiriwa hata kama kazi yako ni kutunza mbwa tu. Hapo madai yako yanaangukia Sheria ya Ajira ya 2007, unaanzia kwa afisa wa kazi, na muda wa kushtaki ni miaka 3. Deni la mkataba wa kawaida lina muda wa miaka 6 tangu lilipopaswa kulipwa, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22. Usichanganye hizo mbili, maana aliyehesabu 6 wakati zake ni 3 hukuta mlango umefungwa.

Je, nimshikilie mbwa mpaka nilipwe?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mlezi aliyedhulumiwa, na linaeleweka. Fundi wa gari huzuia gari mpaka alipwe. Kwa nini mlezi asizuie mbwa?

Mahakama za Uingereza zililijibu swali hilo katika karne ya 19, kwa kesi za farasi na ng’ombe. Mwaka 1828, katika kesi ya Bevan na Waters, ilikubaliwa kwamba anayemfundisha farasi wa mashindano anaweza kumshikilia mpaka alipwe, kwa sababu ujuzi wake umemwongezea farasi thamani. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Judson na Etheridge, aliyemweka farasi bandani na kumlisha alinyimwa haki hiyo. Mwaka 1839, katika kesi ya Jackson na Cummins, aliyelisha ng’ombe wa mwenzake kwenye malisho yake alipata jibu lilelile. Mantiki yake ni kwamba kulisha na kulaza kunamdumisha mnyama katika hali aliyokuja nayo, lakini hakumbadilishi kuwa bora zaidi. Fundi amelitengeneza gari, na mkufunzi amemtengeneza farasi. Mlezi amemhifadhi.

Unaweza kuona mgawanyo huo haumtendei haki mlezi, na mimi naona hivyo. Anayeamka usiku kumpa mbwa mzee dawa anafanya kazi nzito kuliko mafundi wengi. Nchi nyingine zimerekebisha kasoro hiyo kwa kutunga sheria: majimbo mengi ya Marekani yamewapa wenye vituo vya kulaza wanyama haki ya kuwashikilia mpaka walipwe. Kenya haijatunga sheria ya namna hiyo kwa walezi wa mbwa na paka. Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyojengwa juu ya sheria ya India ya mwaka 1872, na haki ya kushikilia iliyomo humo nayo imefungamanishwa na kazi au ujuzi uliotumika juu ya kitu chenyewe. Mlezi wa kawaida hapaswi kuitegemea.

Isipokuwa mmekubaliana waziwazi kwenye mkataba kwamba mnyama hatoki kabla ya malipo, mrudishe. Ukimzuia bila haki, mwenyewe anaweza kukushtaki kwa kushikilia mali yake, na hapo deni lako safi la 23,300 limeingia tope. Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Mbwa hana deni na mtu, na kila siku unayomzuia ni siku anayomngoja bwana wake mlangoni. Tena, ukimzuia kwa hasira ukapunguza chakula, umeingia kwenye Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemnyima mnyama chakula au maji. Sheria hiyo haina kifungu cha msamaha kwa anayedai fedha.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya kulea wanyama ina bahati kwamba daftari lake hujiandika lenyewe kwenye simu. Kabla ya kumwandikia mdaiwa neno lolote la hasira, kaa chini ukusanye vitu hivi.

Kwanza, mazungumzo yote ya WhatsApp, tangu la kwanza la kuulizia bei. Yatoe kwa ukamilifu, usichague vipande vinavyokupendeza. Pili, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha zile 8,000, jina la aliyetuma, tarehe na saa. Malipo ya awali ni ushahidi mzito kuliko watu wanavyodhani, maana mtu hatumi fedha kwa kazi ambayo hakuiomba. Tatu, risiti za duka na za daktari, pamoja na maelezo ya daktari kuhusu alichokikuta. Nne, picha na video za mnyama za kila siku. Tano, orodha ya simu ulizopiga siku alipougua. Sita, nakala ya kadi ya chanjo uliyopewa, kwa kuwa ina jina la mwenye mbwa na inafunga mdomo wa anayetaka kusema mbwa si wake.

Kwa ushahidi wa simu, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inataka cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilichotumika na nani alichapisha nakala hizo. Kifungu chenyewe ni 106B. Ni karatasi moja, unaitia saini mwenyewe. Mahakama ya madai madogo haifungwi na kanuni zote kali za ushahidi, lakini andaa cheti hata hivyo, ili upande wa pili usipate pa kushikia.

Barua ya madai

Madeni mengi ya ukubwa huu huisha kwa barua nzuri. Barua nzuri ni fupi, ina hesabu, ina siku ya mwisho, na haina tusi hata moja. Iandike ukijua kwamba mwamuzi ataisoma siku moja. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

“Dada, salamu. Kati ya tarehe 2 na 22 mwezi uliopita nilimtunza mbwa wako Simba kwa makubaliano ya shilingi 1,200 kwa siku. Siku 21 ni shilingi 25,200. Chakula ulichoidhinisha ni 2,600. Matibabu ya dharura ya tarehe 18 ni 3,500. Ulilipa 8,000. Salio ni shilingi 23,300. Nakala za ujumbe, risiti na malipo nimeambatanisha. Naomba ulipe kabla ya siku 14 kupita tangu leo. Kama huwezi kulipa kwa pamoja, niambie kwa maandishi utalipa kiasi gani na tarehe gani. Nisipopata jibu, nitawasilisha madai mahakamani bila kukuarifu tena.”

Sentensi ya kulipa kwa awamu ina kazi mbili. Inampa njia mtu ambaye kweli hana fedha, na wapo. Kisha, akijibu kwamba atalipa 5,000 kila mwezi, amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe. Tangu hapo hawezi kurudi kusema hadaiwi.

Itume kwa njia mbili, kwa mfano WhatsApp na barua pepe, na uhifadhi alama zinazoonyesha imefika. Ikiwa mnafahamiana kanisani, msikitini au mtaani, mtafute mzee mnayemheshimu wote wawili awakalishe chini. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe zihimize upatanisho. Mkipatana, andikeni mlichokubaliana na mtie saini.

Mahakama ya Madai Madogo

Kwa miaka mingi, mtu anayedai shilingi 23,300 alikuwa kama hana mahakama. Kesi ya kawaida ingekula miaka, na wakili angegharimu kuliko deni. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 ililetwa kwa ajili ya mtu huyo. Mwanzoni kikomo chake kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni 1, na Aprili 2021 mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi. Tangu hapo zimesambaa katika kaunti nyingine.

Madai ya mlezi yanaingia humo bila kulazimishwa, kwa kuwa sheria inataja mikataba ya kuuza bidhaa na kutoa huduma. Unafungua mahali mkataba ulipofanyika au kutekelezwa, au anapoishi mdaiwa. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Anayesikiliza anaitwa mwamuzi. Sheria inataka shauri lisikilizwe siku hadi siku na liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na hukumu itolewe siku hiyohiyo au si zaidi ya siku 3 baada ya kusikilizwa. Katika vituo vyenye msongamano siku hizo huweza kunyooshwa, lakini hata zikinyooshwa, hii si ile mahakama ya kurithisha kesi kwa watoto.

Hati ya madai inajazwa kwenye fomu na kuwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Usiyejua kompyuta, nenda kwenye dawati la huduma mahakamani uelekezwe. Andika mambo kwa mpangilio wa tarehe, kama vile barua ya madai: nani aliomba, bei gani, siku ngapi, kimelipwa nini, kimebaki nini. Omba salio, gharama za kesi na riba. Usiongeze “fidia ya maumivu ya moyo” ya shilingi laki tano kwa sababu umekasirika. Dai linalolingana na risiti huaminika, na dai lililovimba huwafanya watu waanze kutilia shaka hata zile 23,300.

Kisha mdaiwa lazima afikishiwe hati. Hapa wengi hukwama, kwa sababu wanajua jina la mbwa kuliko jina la mwenye mbwa. Tangu mwaka 2020, Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai zinaruhusu hati kufikishwa kwa barua pepe na kwa huduma za ujumbe wa simu, ikithibitishwa kwa hati ya kiapo. Hata hivyo, jina kamili unalihitaji. Rudi kwenye taarifa ya M-Pesa na kwenye kadi ya chanjo.

Siku ya kusikilizwa, fika mapema, nakala zako zikiwa na namba za kurasa. Mwamuzi atakuuliza maswali. Jibu lililoulizwa. Atamuuliza mdaiwa pia, na mara nyingi shauri huamuliwa na swali moja la kawaida kabisa: “Uliporudi siku ya 21, mbwa ulimkuta wapi, na alikuwa amekula chakula cha nani?”

Asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu. Hawezi kwenda kuanza kubishana upya kuhusu siku ngapi Simba alikaa.

Kwa wasomaji wa Tanzania, njia ya kawaida ya deni la namna hii ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo inasikiliza madai ya fedha yatokanayo na mikataba na inaendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Mpangilio wa ushahidi na barua ya madai ni uleule.

Akisema mbwa wake amedhurika

Tegemea hili. Mtu anayedaiwa huanza kukumbuka kasoro: mbwa amekonda, ana kupe, amejeruhiwa sikio. Sheria inamruhusu kuleta madai kinzani katika shauri hilohilo, na mwamuzi akiyakubali atayakata kwenye deni lako.

Na hapa mlezi ana mzigo ambao lazima aujue. Anayepokea mali ya mtu kuihifadhi kwa malipo anatakiwa kuitunza kwa uangalifu wa mtu makini. Ikiharibika mikononi mwake, yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba hakuzembea. Mwenye mbwa hahitaji kueleza jeraha lilitokeaje. Anaweza kusema tu: nilimleta mzima, nimemchukua hivi.

Kwa sababu hiyo, picha ya siku ya kwanza ina thamani kuliko zote. Mpige mbwa picha mbele ya mwenyewe siku anapopokelewa, pande zote mbili, masikio na miguu, na umtumie hapohapo. Fanya hivyo tena siku anapochukuliwa. Ikiwa kweli ulizembea, mbwa akatoka kwa lango uliloliacha wazi na kugongwa, kubali sehemu yako na uipunguze kwenye dai kabla hujaambiwa. Haki unayoidai inakutaka uwe mkweli upande wako pia.

Baada ya hukumu

Hukumu ni karatasi mpaka itekelezwe. Wengi hulipa mara tu wanapoisoma. Asiyelipa, unaomba mahakama itekeleze. Mahakama inaweza kuamuru fedha zichukuliwe kwenye akaunti yake ya benki, au mali yake ikamatwe na dalali wa mahakama ikauzwe, au alipe kwa awamu. Si kila kitu hukamatwa: Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, inalinda mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, matandiko na zana ambazo mtu anazitegemea kupata riziki. Kumfunga mdaiwa kunawezekana, ila Mahakama Kuu ilisisitiza mwaka 2012 kwamba mtu hafungwi kwa sababu ya umaskini wake. Lazima ionekane anaweza kulipa na anakataa. Kwa deni la 23,300, agizo la kulipa kwa awamu ndilo njia ya busara mara nyingi, kwani dalali naye ana ada yake.

Njia zitakazokugeukia

Usiweke picha ya mdaiwa mtandaoni. Najua uchungu ulivyo, na najua “mwanikeni” inavyopata wafuasi haraka. Lakini Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inafanya kazi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na siku hizohizo akaitoza kampuni ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa jinsi ilivyotumia majina na namba za watu. Ongeza hapo kesi ya kuchafuliwa jina, nawe utakuwa umebadilisha deni la elfu ishirini na tatu kwa hasara usiyoijua mwisho wake. Kumpigia bosi wake au mama yake simu ni kosa la aina hiyohiyo.

Usiende polisi kutaka akamatwe. Kutolipa deni si jinai. Polisi wana kazi ikiwa mtu alikudanganya tangu mwanzo kwa jina la uongo. Lakini mtu aliyelipa nusu akashindwa au akakataa nusu ni mdaiwa wa kawaida, na mahali pake ni mahakama ya madai. Wala usiingie kwake kuchukua televisheni kufidia. Hilo polisi watalishughulikia, na hawatakuwa upande wako.

Mwenyewe asiporudi kabisa

Kuna hali nzito kuliko zote: siku zimeisha, simu imezimwa, na mbwa yupo kwako anakuangalia. Uingereza ina sheria ya mwaka 1977 inayoruhusu mali isiyochukuliwa kuuzwa baada ya taarifa. California inahesabu siku 14 tangu siku mnyama alipotakiwa kuchukuliwa, kisha inaruhusu hatua nyingine. Sisi hatuna hesabu rahisi kama hiyo kwa mbwa na paka, kwa hiyo usijitangazie umiliki, wala usimuuze ili ufidie bili.

Endelea kumlisha, na uandike kila shilingi, maana hapo hoja ya stesheni ya Sandy ina nguvu zake zote. Tuma taarifa ya maandishi kwa kila namba na anwani uliyo nayo, ukitaja tarehe ya mwisho na utakachofanya baada yake. Mjulishe daktari aliyemchanja. Kumtelekeza mnyama katika hali ya kumletea mateso ni kosa chini ya Sura ya 360, na unaweza kutoa ripoti. Ukishindwa kabisa kuendelea, wasiliana na KSPCA, chama kinachohifadhi wanyama nchini Kenya, ukiwa na nakala za taarifa zote, ili mbwa apate makao na wewe uwe na kumbukumbu kwamba hukumtupa. Deni lako halifutiki kwa kumkabidhi. Limebaki palepale, kwa yule aliyekuletea.

Ukurasa mmoja wa makubaliano

Yote yaliyotangulia ni tiba. Kinga yake ni ukurasa mmoja wenye saini mbili, na mtu asiyetaka kuutia saini amekuonyesha mapema namna atakavyolipa.

Andika jina kamili, namba ya kitambulisho na mahali anapoishi, pamoja na namba ya mtu wa pili wa dharura. Andika tarehe ya kumleta na ya kumchukua, bei kwa siku, na bei ya siku za nyongeza, iwe juu kidogo. Andika nani ananunua chakula. Andika daktari gani atumike, na kwamba mlezi ameruhusiwa kugharamia matibabu ya dharura hadi kiasi fulani mwenyewe asipopatikana. Andika kasoro zote za mnyama siku ya kupokelewa. Andika kwamba nusu ya malipo hutangulia na nusu hulipwa kabla mnyama hajatoka. Andika itakuwaje asipochukuliwa ndani ya siku mtakazokubaliana, ikiwemo ruhusa ya kumtafutia makao. Kifungu hicho cha mwisho kinaziba pengo ambalo Bunge halijaziba.

Walezi wengi huona aibu kutoa karatasi hiyo, hasa wakipewa kazi na rafiki au jirani. Hudhani wanaonyesha kutoaminiana. Lakini karatasi inamlinda rafiki pia: anajua mbwa wake atatibiwa bila kungoja simu, na anajua bei haitabadilishwa akiwa safarini. Kulea mnyama wa mtu ni kazi kama kazi nyingine. Ina saa zake, gharama zake na hatari zake, na mwenye kuifanya anastahili ujira wake bila kuomba radhi kwa kuudai.

Kwa hiyo kama kuna mtu anakutaka umsamehe zile siku 7, fungua simu yako leo, pakua taarifa ya M-Pesa, piga hesabu kwenye karatasi, na andika barua yenye tarehe. Siku 14 zikipita kimya, mwamuzi yupo, na fomu ipo.